Miti Kumi Iliyonyimwa Dawa

Jumapili, 6 Julai 1986

Daftari hili nimepewa na mwanangu Mishi, na lina muhuri wa kituo cha utafiti juu ya jalada. Nani mwengine Mambrui hii aliyekabidhiwa daftari lenye muhuri? Mimi Shekha binti Omar, niliyetolewa skuli darasa la nne mama alipougua, leo naandikia utafiti wa kilimo.

Mishi alikuja juzi na gari la kituo, kakaa kiti cha mbele, buibui juu na viatu vya mpira vya shamba chini. Watu walitoka vibarazani kumtazama. Waliokuwa ndani nikawaita mimi. Ni mtoto wa kike wa kwanza wa mji huu kusomea mimea na maradhi yake, acha watazame.

Kazi aliyoniachia ni hii. Shamba letu lina mikorosho ishirini aliyoipanda marehemu baba yake, Msellem. Kumi ameizungushia pete ya rangi nyekundu kwenye shina, kumi nyeupe. Ile myekundu itapigwa unga wa salfa mara tano msimu huu wa maua, kila baada ya wiki mbili, kuzuia ukungu ule unaokausha maua kabla hayajashika korosho. Ile myeupe haitapewa kitu. Mwezi wa kumi na mbili korosho za pande mbili zitawekwa mbele ya wakulima, waone kwa macho yao.

"Tofauti ikionekana, mama," akaniambia, "dawa na mashine vitaletwa kwa wakulima wote wa huku mpaka Adu. Na mimi kituo kitanipeleka ng'ambo, masomo ya juu."

"Na isipoonekana?"

"Watasema Mishi kapoteza salfa ya watu."

Basi kila siku niandike ukurasa wa kushoto: umande, upepo, mvua, maua, ukungu. Ukurasa wa kulia hakusema ni wa nini, nimeuchukua mimi. Nimemwambia, "Upande huu ni wangu, usiusome." Akacheka, akasema haya.

Jambo moja halikunipendeza. Miti ilichaguliwa kwa kura, vikaratasi ndani ya bakuli langu la uji. Na wa kwanza kutoka mweupe ni mti wa Mishi mwenyewe, ule baba yake alioupanda Mishi alipotimiza siku arubaini tangu azaliwe, pale pale kitovu chake kilipozikwa. Nikamwambia toa tena.

"Kura haimjui mtu, mama," akasema. Akaupaka pete nyeupe kwa mkono wake, wala hakuinua uso.

Jumatano, 9 Julai

Umande mwingi. Upepo mdogo. Barua hakuna.

Jumatatu, 14 Julai

Leo dawa ya kwanza. Aliyekuja kupiga ni bwana shamba mpya, Mwaura, mtu wa bara, umri wake kama miaka thelathini. Kanikuta nje ya shamba alfajiri, kanambia, "Mama, habari yako," hivi hivi, shikamoo hakuna. Nikamjibu nzuri, lakini uso niliouvaa ungemfunza adabu kama angekuwa na macho.

Mashine anaibeba mgongoni, inanguruma kuliko pikipiki ya daktari wa ng'ombe. Unga wa manjano ukapanda juu ya miti, ukakaa kwenye umande, harufu ya kiberiti kila mahali. Mti mwekundu, anapiga. Mti mweupe, anazima, anapita. Mti wa Mishi tumeupita kama tunampita mtu tusiyemjua njiani.

Gunia la salfa limewekwa kwenye kibanda changu cha shamba, ufunguo ninao mimi. Mwaura hana.

Jumapili, 20 Julai

Sanduku la posta la mtaa wetu ni la duka la Manilal. Nilipokwenda kununua chumvi sikumwuliza neno. Yeye mwenyewe akatikisa kichwa kabla sijafika mlangoni.

Jumatatu, 28 Julai

Dawa ya pili. Mwaura kaleta habari ya Mishi bila kujua kama ameleta: ati alikutana naye mkutanoni Kilifi wiki iliyopita. Kilifi! Mwendo wa saa mbili na hakufika. Nimemwambia Mwaura najua, aliniandikia. Kisha nikaenda nyuma ya kibanda nikajifanya natafuta jembe.

Jumamosi, 2 Agosti

Maua yamefunguka miti yote. Myekundu inang'aa, nyuki wamejaa. Myeupe imeanza kushika majivu ya ukungu. Mti wa Mishi ndio mbaya kushinda yote, mashada yamekauka ncha, ukigusa yanapukutika mkononi.

Karisa kasimama mpakani akitazama. Shamba lake na langu yanagawanywa na ukingo wa minyaa tu, na yeye ulimi wake haujawahi kukutana na ukingo.

"Bi Shekha, huyo binti yako ni daktari gani? Wagonjwa ishirini, kumi anatibu, kumi anaangalia wakifa."

"Huo ndio utafiti, Karisa. Huwezi kuujua."

"Naujua sana. Hata mimi mke wangu akiumwa huwa namtafiti kwanza." Akacheka mpaka akashika magoti. "Na huo mkubwa si ndio wa kitovu chake? Amekwisha!"

Neno hilo, amekwisha, nimekuja nalo mpaka nyumbani.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeupiga dawa.

Niliswali alfajiri, nikatoka peke yangu. Nilishona mfuko kwa leso kuukuu, nikautia bakuli mbili za salfa, nikaufunga kwenye ncha ya upondo tunaoangulia maembe, nikaanza kuutikisa juu ya mti wa Mishi mpaka shingo ikaniuma. Unga uliningia machoni. Nililia machozi ya kiberiti na machozi mengine humo humo, sikuyatenganisha.

Mti mmoja tu. Katika ishirini, mmoja utamdhuru nani?

Ukurasa wa kushoto nimeandika: miti myeupe, haikutiwa kitu.

Jumamosi, 9 Agosti

Umande mwingi. Barua hakuna. Manilal kaniuliza, "Mama Mishi, nyumba yako imeungua? Wewe nanuka kiberiti."

Jumamosi, 16 Agosti

Idi kubwa. Nilipika pilau ya kilo mbili, mazoea ya nyumba yenye watu. Mishi hakuja. Nilikaa na mlango wazi tangu saa mbili. Majirani walipita kunipa mkono, wakakaa kidogo, wakaenda kwa watoto wao. Wote wameulizia Mishi, na wote nimewajibu kwamba Serikali haiwezi kumwachia hata siku moja, kituo kizima kinamtegemea yeye. Kila niliposema nilikuza. Kwa wa mwisho alikuwa amekwisha kuwa mkubwa wa kituo.

Saa kumi pakabishwa hodi. Mwaura, na kilo ya sukari ndani ya gazeti. "Shikamoo, mama." Kuna mtu kamfunza. Nikamkaribisha, akala sahani tatu, alhamdulillahi. Kumbe hajaonana na mama yake tangu mwaka juzi.

"Unamwandikia?"

"Hapana, mama. Nitamwandikia nini? Kila siku ni kazi tu, hakuna kitu mpya."

"Mwambie umekula nini," nikamwambia. "Mwambie mvua. Mwambie chochote."

Akatazama sahani yake. Nilipomfungia pilau ya kwenda nayo, alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau njia.

Jumanne, 19 Agosti

Mti wa Mishi umetoa maua mapya, masafi. Lakini sasa umependeza peke yake katikati ya wenziwe tisa wagonjwa, na kila apitaye atauliza. Nami, niseme kweli, siipendi hali ya hao tisa. Wa kona ni ule niliochumia korosho za kwanza nilipoolewa. Chini ya ule wa pembeni Msellem alikuwa akilaza mgongo adhuhuri. Wakubwa watakuja mwezi wa kumi na mbili na gari zao, waone shamba la mama yake Mishi nusu limenyong'onyea? Watasema huyu hata kwao kumemshinda.

Nimeipiga yote. Ilinichukua alfajiri tatu, leo nimemaliza.

Jumatatu, 25 Agosti

Dawa ya nne. Mwaura kasimama chini ya mti mweupe muda mrefu, kashika shada, kaligeuza. "Hii iko safi, mama."

"Ni udongo wa huku," nikasema.

Jumanne, 2 Septemba

Umande. Barua hakuna. Miti myeupe, haikutiwa kitu, naandika. Mkono umezoea.

Jumatatu, 8 Septemba

Gunia limeisha kabla dawa ya tano haijamalizika. Mwaura alilikung'uta, akaliinamia, akachungulia ndani kama kisima.

"Mama, hii salfa ilipimwa ya mara tano."

"Panya."

"Panya anakula kiberiti?"

"Panya wa Mambrui wanakula kila kitu."

Hakucheka. Alinitazama mikono, na mimi nikaificha ndani ya leso, na leso yenyewe ina madoa ya manjano upindo mzima. Alipanda baiskeli mpaka Malindi kuomba debe moja la kumalizia. Nadhani atalazimika kueleza kwenye ripoti yake. Atasema nini, sijui.

Jumamosi, 13 Septemba

Mishi kaja! Na basi, amechelewa kwa sababu kivuko cha Kilifi kiliharibika saa tatu nzima. Nilimchinjia kuku mwekundu. Kala paja moja, kaniuliza daftari.

Tumeshinda shambani. Alihesabu mashada mti kwa mti, midomo ikienda bila sauti, vile vile alivyokuwa akihesabu vifungo vya kanzu ya babake. Mimi nilimfuata na chupa ya chai. Kila nikianza hadithi, kwamba fulani kaolewa, fulani kazaa, husema "Ngoja mama, nitapotea," anaanza tena mti ule.

Alipofika kwenye mti wake akasimama.

"Ajabu," akasema. "Hii myeupe haina ukungu."

"Si vizuri?"

"Ni ajabu, mama, sijui kama ni vizuri. Huenda mwaka huu ugonjwa umekuwa mdogo." Lakini akageuka akatazama ng'ambo ya minyaa, mikorosho ya Karisa imepauka kama imemwagiwa jivu. Akaandika kitu, akakifuta.

Neno lilikuwa hapa, kwenye meno. Angenitazama usoni mara moja tu ningelisema. Alikuwa akitazama mti.

Kaondoka na basi la asubuhi ya Jumapili. Haya nayamalizia leo, sahani yake bado iko mezani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua ya vuli imeanza. Mabibo yanaonekana, mekundu na ya manjano, na korosho zimening'inia chini yake. Miti yote ishirini. Barua hakuna.

Alhamisi, 6 Novemba

Tunaokota. Mimi, Karisa na mkewe Easter niliowaita wanisaidie, maana kwao hakuna cha kuokota. Korosho za miti myekundu tunaanika ukumbi wa kulia wa kibanda, za myeupe ukumbi wa kushoto. Easter ni mpole, anaimba nyimbo za kanisani huku akikata mabibo, ameniuliza kama usiku siogopi kulala nyumba kubwa peke yangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nimemjibu siogopi.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo Karisa kasimama katikati ya marundo mawili, mikono kiunoni, kageuza kichwa kulia, kageuza kushoto.

"Mama Mishi. Hebu njoo usimame hapa niliposimama."

Nikasimama.

"Nionyeshe lililokula dawa."

Sikuweza. Marundo yalikuwa sawa.

"Basi mimi nangojea hiyo siku ya wakulima," akasema, "nipate kumwambia mwanao arudishe unga wake. Kumbe mti hauutaki!" Akaenda zake akicheka. Easter alimfuata, yeye hacheki.

Nimekaa chini baina ya marundo hayo mpaka adhuhuri. Miezi yote hii nimejiambia naipendezesha miti, nampendezesha mwanangu. Tofauti ikionekana, alisema. Neno lenyewe alinipa siku ya kwanza, na nililiandika kwa mkono wangu ukurasa wa kwanza. Tofauti hiyo nimeila mimi, bakuli kwa bakuli.

Jumapili, 23 Novemba

Nilianza barua mara tatu. "Mwanangu mpenzi, kuna jambo." Nimechana.

Leo nilikwenda kibandani na pakacha. Nilijaza kutoka rundo jeupe, nikalibeba, nikasimama juu ya rundo jekundu. Mapakacha kumi na tano hivi, kazi ya asubuhi moja, na Mishi anakwenda ng'ambo.

Nikaona mguu wangu umesimama pale pale alipokuwa akikaa Msellem akimenya chungwa. Marehemu alikuwa hawezi kumwambia mnunuzi bibo limeiva kama halijaiva. Nikarudi nikalimwaga nilikolitoa. Mgongo unauma mpaka sasa.

Nimejiuliza pia jambo jengine, nalo nitaliandika kwa kuwa upande huu ni wangu. Je, moyo wangu ulitaka asiende? Nimeutafuta moyo kote, sikulikuta. Lakini sikuthubutu kutafuta sana.

Jumamosi, 6 Desemba

Watu walikuwa zaidi ya sitini. Walitoka Mambrui, Magarini, wengine Adu. Gari tatu. Mkubwa wa Mishi ni bwana mrefu wa miwani, alinipa mkono akaniambia, "Wewe ndiye mama tunayesoma umande wake." Siku nyingine neno hilo ningelitembeza mji mzima kwa mwaka.

Mishi alivaa leso niliyompa. Alisimama baina ya marundo, mizani imening'inizwa juu ya tawi la mti wake. Walipima gunia kwa gunia, yeye akitaja uzito kwa sauti. Nyekundu. Nyeupe. Nyekundu. Nyeupe. Nilisikia sauti yake ikipungua. Mwishoni zilipishana kilo tatu.

Karisa hakungoja aruhusiwe.

"Mimi sikusoma," akasema, "lakini ikiwa aliyenyimwa kashiba sawa na aliyelishwa, chakula chenyewe kina faida gani?"

Uwanja ukacheka. Mtu wa Adu akaitikia, "Tumeacha palizi kuja kuangalia unga wa manjano!" Wengine wakaanza kusimama, wakikung'uta nguo.

Mishi alikuwa amelishika daftari lake kifuani kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akishika ubao wa chuoni alipokuwa akisoma Kurani.

Mkubwa wake akafungua karatasi. "Bwana Mwaura, ripoti yako inasema gunia halikutosha. Lilipimwa la mara tano. Salfa ilikwenda wapi? Uliipeleka kwengine?"

Mwaura akanitazama. Kidogo sana, kisha akatazama viatu vyake. "Sijui, mzee. Kama ni makosa, basi ni makosa yangu."

Alijua. Tangu ile leso ya manjano alijua, na sasa alikuwa tayari kuondoka na aibu yangu kama alivyoondoka na pilau yangu.

Nikasimama.

"Salfa niliitumia mimi."

Nikasogea mpaka kwenye mti wa Mishi.

"Mimi mama yake. Hiyo miti myeupe niliipiga dawa mwenyewe, kwa mfuko na upondo, alfajiri, bila Mwaura kuniona na bila Mishi kujua. Nikaandika kwenye daftari la Serikali kwamba haikutiwa kitu. Nilianza na huu," nikaugusa mti, "kwa kuwa kitovu chake kiko chini yake na nilikuwa nauona unakufa. Kisha nikaona haya wenziwe wakionekana wagonjwa. Bwana Mwaura hana kosa. Na wewe Karisa, unayecheka. Tazama kwako. Hiyo mikorosho yako ndiyo iliyonyimwa dawa kweli. Umeokota magunia mangapi?"

Watu wote wakageuka. Ng'ambo ya minyaa miti ilikuwa mitupu, hata bibo la kuonja halikuweko. Karisa akavua kofia, akaitazama ndani.

Mtu akasema, "Lo!" Wale waliosimama wakakaa. Mkubwa wa miwani akamwinamia Mishi, nikasikia anamwambia, "Hiyo nayo ni tofauti. Tungeweza kuitumia miti ya jirani."

Mishi akakataa kwa kichwa. Kisha akainua sauti.

"Wazee wangu, mama zangu. Miti ya Karisa sikuipigia kura, sikuihesabu maua, sijui mbolea wala umri wake. Mnaweza kuitazama na kufikiri mnalotaka. Mimi sitasimama hapa niwaambie dawa hii inafaa, wala haifai. Kazi ya mwaka huu haina jibu. Nisameheni."

Hapo ndipo alipoitupa safari yake ya ng'ambo, mbele ya watu sitini. Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya aibu ile, nilitaka kumgeukia aliyekaa karibu nami nimwambie: mwanangu huyo.

Jioni nyumbani hakula. Tulikaa, chai ikapoa.

"Kwa nini, mama?"

"Kitovu chako kiko pale."

"Kitovu changu kimeoza miaka ishirini na minne. Mimi ndiye mimi. Mimi niko."

"Hupo," nikamwambia. Halikuwa neno nililokusudia. "Hupo, mwanangu. Kila asubuhi nikitoka naukuta mti. Wewe hupo."

Akaenda kulala chumba chake cha zamani, na mimi nimeandika haya yote.

Jumapili, 7 Desemba

Gari liko nje. Nampa daftari. Nimemwambia asome pande zote mbili.

Jumamosi, 24 Januari 1987

Siku arubaini na nane sina daftari, na barua hakuna. Leo kalileta Mwaura kutoka kituoni, limefungwa kwa karatasi na uzi. Alikataa kuingia, akasema, "Soma kwanza, mama," akaenda kukaa kibarazani.

Safari ya ng'ambo kapewa mtu mwengine. Hilo Mishi ameliandika ukurasa wa kwanza, mstari mmoja, ili lipite.

Kisha nikafungua ndani. Wino mwekundu, mwandiko wake mdogo, upande wangu wa kulia. Kila mahali nilipoandika barua hakuna, na kila siku niliyomngoja, ameandika chini yake.

*9 Julai. Nilikuwa maabara mpaka magharibi. Nilikula mkate na ndizi.*

*28 Julai. Kilifi nilifika. Nilikuwa na homa na sikutaka unione naumwa. Nilidhani nitaonekana nimeshindwa.*

*16 Agosti. Niliswali Idi peke yangu, bwenini hakuna Mwislamu mwengine. Nilisikia harufu ya pilau na hakukuwa na pilau.*

*13 Septemba. Sahani ile nilitaka kuiosha. Basi likapiga honi.*

Na pale, tarehe nne Agosti, chini ya yale maneno mawili:

*Hapa ndipo ungeniandikia. Na mimi sikukuandikia. Nilikupa kazi ya kuandika nikasahau kwamba maandishi yanataka msomaji.*

Nilisoma yote mara mbili. Kisha nikamwita Mwaura ndani, nikampikia mayai, nikamwuliza kama amemwandikia mama yake. Akasema amemwandikia mara nne.

Jumapili, 21 Juni 1987

Kituo kimekubali jaribio lirudiwe msimu mmoja. Kura imepigwa upya, mara hii mbele ya wakulima, ndani ya kofia ya Karisa. Yeye mwenyewe kaomba miti yake ishirini iingie, tena kasimama kueleza watu wa Adu kwa nini lazima iweko isiyotiwa dawa. Ungedhani kazaliwa nayo.

Vikaratasi vikatoka. Mti wa Mishi ukatoka mweupe tena.

Wote wakanitazama mimi.

"Mama Mishi," Karisa akasema, "tukufunge kamba, ama utajizuia?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mishi hakucheka, alikuwa ameishika brashi ya rangi. Nikamnyooshea mkono. Akanipa. Niliizungusha pete nyeupe kwenye shina, taratibu, nisimwage hata tone juu ya mizizi, na yeye akanishikia mkebe.

Jumapili, 19 Julai 1987

Huu ndio ukurasa wa mwisho wa daftari.

Umande mwingi. Upepo hakuna. Barua hakuna, lakini ya wiki iliyopita nimeiweka chini ya mto na bado inasomeka. Aliandika kwamba alikula samaki wa kukaanga, na kwamba kulinyesha.

Mti wa Mishi umeanza kushika majivu. Nimekwenda alfajiri, nimekaa chini yake, mikono nimeikalia. Nimeuambia usidhani uso wake uko hivi kwa sababu hatuupendi.

Miti myeupe: haikutiwa kitu.